Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu: mwaka wa jina Stanley

Ndugu wanachama,

Mahudhurio ya mwaka huu hayakuwa mabaya, ada zimesuasua kama kawaida, na mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililotugombanisha tangu kikao cha kwanza: jina Stanley, tulilolichunguza mwaka huu.

Asili yake ni mahali. Katika Kiingereza cha kale "stan" ni jiwe, na "leah" ni uwazi uliofyekwa msituni. Vijiji vya jina hilo viko Uingereza: Staffordshire, Derbyshire, Durham, Yorkshire na kwingineko. Aliyetoka kimojawapo akaitwa "de Stanley", kama sisi tunavyomwita wa Barawa al-Barawi. Hapo ndipo nilipokosana na wenzangu wa kamati ya utafiti, waliokwisha nunua karatasi kubwa ya kuchorea mti wa ukoo. Ukoo upi? Mtu wa Durham na mtu wa Derbyshire wanaweza kulingana jina bila kuwa na babu mmoja, sawa na al-Barawi wawili. Waliovuma ni wale wenye asili ya Staffordshire: Thomas Stanley alipewa cheo cha Earl wa Derby mwaka 1485, baada ya vita vya Bosworth.

Sasa huyu wetu, Henry Morton Stanley, aliyemkuta mmisionari Livingstone Ujiji mwaka 1871. Yeye hana hata kijiji. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands. Jina la Stanley alilichukua ukubwani huko New Orleans, kwa mfanyabiashara wa pamba. Mwanachama mmoja alisimama kwa hasira: "Kumbe shuleni tulikaririshwa jina la kuazima!" Naam, la kuazima. Kule Kongo akapewa jingine, Bula Matari, mvunja mawe, na waliomwita hivyo hawakuwa na habari kwamba jina alilojivika lilibeba jiwe tangu zamani. Hilo nimelicheka mwaka mzima.

Kisha jina likarudi kuwa mahali. Mji wa Stanleyville, huko Kongo, uliitwa hivyo hadi mwaka 1966, ulipokuwa Kisangani.

Karatasi ya mti ingalipo ofisini, haijaguswa. Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza jina Livingstone, nalo ni la mahali, huko Uskoti. Mwenye pingamizi amwone katibu kabla hatujaanza uchaguzi.