Sakafu ya barazani

Mombasa, 12 Januari

Mwandani wangu Salma,

Salamu nyingi, na pole kwa hiyo sakafu ya barazani inayobanduka. Picha nimezitazama moja moja. Mbao zako za mvule hazijafa, iliyokufa ni vanishi. Hiyo hukaa juu ya mbao kama ngozi. Jua likishaipasua, maji hupenya chini yake yakakosa pa kutokea, ndipo inapobanduka magamba magamba. Usinunue nyingine. Tafuta mafuta ya mbao za nje yaliyotiwa rangi kidogo, maana rangi ndiyo inayokinga jua. Yasiyo na rangi yataziacha mbao zigeuke kijivu upesi.

Kabla ya msasa wa kuiondoa vanishi hiyo, shika bisibisi uchomechome kila ubao, hasa nchani na pale unapolalia boriti. Ikizama nusu sentimita bila nguvu, ubao huo umeoza, ubadilishwe. Misumari igongwe vichwa vizame milimita 3. Kimoja kikibaki juu hurarua msasa, nacho kikikwanguliwa zinki inayokikinga hushika kutu, na kutu kwenye mvule huacha doa jeusi. Kwa sababu hiyo hiyo, pamba ya chuma isiguse sakafu hiyo kabisa.

Osha chumvi ya upepo wa bahari kwa maji matamu na brashi ngumu, ukifuata nyuzi za mbao. Mashine ya maji ya presha iache, itazifumua nyuzi hizo. Kisha siku 3 za kukauka.

Msasa anza na namba 60, umalizie 80. Hapo basi! Fundi aliyezoea makabati atataka kufika 180 mbao zing'ae; mwambie ubao uliolainishwa hivyo haunywi mafuta, hubaki juu yakinata, na ukilowa unateleza. Mashine isiegemewe wala kusimamishwa mahali pamoja, itachimba. Vumbi la mvule huwasha pua, macho na ngozi, kwa hiyo barakoa na mikono mirefu, hata akilalamika joto.

Ukishafagia, dondosha maji. Yakinywewa kwa dakika moja hivi, uko tayari. Yakisimama kama shanga, vanishi bado ipo.

Kwa mita 4 kwa 5, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili), lita 5 huwa zinatosha, ila soma kopo. Koroga kila mara, rangi hutuama chini. Paka asubuhi au jua likishapoa: ubao usioweza kuuwekea kiganja kwa joto hukausha mafuta kabla hayajazama. Chukua mbao mbili, uzimalize urefu wote ndipo uhamie nyingine, la sivyo panabaki mistari ya giza. Baada ya dakika 15 futa yote yasiyozama. Ncha zipake mara tatu, ndizo zinazokunywa maji ya mvua.

Matambaa ya kufutia usiyarundike! Yenye mafuta ya kitani hujipasha joto yenyewe mpaka yakawaka. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke ndooni.

Viti virudi baada ya siku 2. Na umwite fundi mwezi huu, kaskazi ingali inavuma. Masika yakishaingia hutapata siku 3 kavu mfululizo.

Wako,
Mwanaisha