Kaka Lameck, Sisomi Magazeti

Den Haag, Uholanzi
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Bibi mpeni shikamoo yake peke yake, mmwinamie sikioni. Wengine wote mbukwenyi. Kaka Lameck akiwa hapo sebuleni asitoke, maana sehemu kubwa ya barua hii ni yake. Neema, wewe ndiye utakayesoma kwa sauti, na usiruke mstari hata mmoja.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, chuo naenda. Baridi ipo lakini koti nimeshanunua, kwa hiyo hilo tuliache.

Nimeandika kwa sababu simu ya Jumapili iliyopita iliniacha na donge kooni. Kila nikifungua mdomo Mama anasema bando litaisha, Shangazi Debora anadakia kutoka jikoni, na mwisho wa yote likabaki neno moja tu masikioni mwangu, lile la Kaka: "Tumeuza nusu ya shamba ili mtu akasome magazeti Ulaya." Wiki nzima nimelala nalo.

Kaka, kuomba laki kumi na mbili hukukosea. Pampu imekufa, na msimu huu wa mvua ukipita bila maandalizi mizabibu itateseka. Kilichoniuma ni hayo magazeti, na shamba. Nianze na shamba maana ndilo zito.

Najua nani alichimba yale mashimo ya mizabibu ya shamba letu la Mpunguzi. Nilikuwa kidato cha pili, nikija likizo nakuta viganja vyako vimechunika na Mama anakukanda kwa maji ya chumvi. Miche ya Makutupora nyekundu uliibeba kwa baiskeli, fungu kwa fungu, umeizungushia magunia yaliyolowa ili isikauke njiani. Nguzo ulisimamisha wewe, waya ulivuta wewe. Ilipouzwa ekari moja kati ya zile mbili ili nipate tiketi, viza na vile vyeti vya kuhangaikia mihuri, lililouzwa ni jasho lako, na hukuulizwa inavyostahili. Hilo nalikubali mbele ya Baba, na Baba anisamehe kwa kulisema. Ada na posho nalipiwa na ufadhili, lakini kufika hapa nililetwa na ekari yako. Sijasahau hata siku moja.

Ila magazeti, hapana.

Programu yangu ya masomo ya kimataifa ni ya mwaka mmoja, krediti 60. Kwa hesabu ya Uholanzi krediti moja ni saa 28 za kazi, ya darasani na ya nje ya darasa. Neema, zidisha hapo: ni saa 1,680. Humo ndani tunasoma mikataba kifungu kwa kifungu, nani anamuuzia nani na kwa masharti gani, nani ana kura na nani ana sauti tu, mpaka huu ulichorwaje na aliyeuchora alikuwa anatafuta nini. Ndiyo maana yanaitwa masomo ya kimataifa. Wiki moja naweza kupewa kurasa mia tatu, na siku ya semina mwalimu hasemi sana, anakaa anakusikiliza wewe uliyesoma.

Sasa sikia, Kaka. Wiki iliyopita nilisimama dukani mbele ya zabibu. Boksi la nusu kilo, la plastiki, lina vitundu vidogo vya hewa juu. Limeandikwa nchi zilikotoka, Afrika Kusini, limeandikwa aina ya zabibu, na daraja la kwanza. Nikalishika nikaligeuza. Punje zote zimelingana kama shanga, na mashina yake bado ya kijani, wakati zilivuka bahari nzima. Nikawaza kwamba hivi sasa Mpunguzi nanyi mmeanza kuvuna, na kwamba sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mbona hapa hatupo? Mama mmoja mzee akaniomba nipishe, nikapisha, lakini nilikuwa nimeshaharibika moyo.

Nilidhani ni ushuru. Nikaenda kumuuliza mwalimu wa biashara ya kimataifa, na jibu ndilo lililonifanya nilipende somo lake. Ushuru hautuzuii. Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazifungulia mlango tangu 2001, bidhaa zao zote zinaingia bila ushuru na bila kikomo cha kiasi, isipokuwa silaha tu. Kinachotuzuia ni baridi. Zabibu ikitoka shambani lazima iingie kwenye ubaridi mapema, na ubaridi huo usikatike mpaka dukani. Halafu kuna vipimo vya mabaki ya dawa, na cheti cha afya ya mimea. Ukikosa kimoja, mzigo unarudi au unateketezwa. Nilikumbuka zile kreti za mwaka juzi zilizochacha pale barabarani mkimsubiri mnunuzi ambaye hakuja. Hukulala usiku ule, Kaka, nilikuona. Nilichokuwa sijui ni kwamba kisa kile kina jina na kinafundishwa.

Na kuna mkataba mwingine, ule wa ubia wa kiuchumi kati ya Ulaya na Afrika Mashariki. Mazungumzo yalikamilika 2014, sisi tukakataa kusaini 2016. Kenya wakaja kusaini wa kwao Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Darasani nusu ya wenzangu walisema Tanzania ilikosea. Nikasimama nikawaambia Kenya haimo kwenye kundi letu la nchi maskini zaidi, bila mkataba maua yao yangelipa ushuru, sisi tulikuwa na mlango wazi tayari. Kwa nini tusaini cha kutufungia viwanda vyetu vichanga? Lakini nikasema pia, na hili ndilo nataka ulisikie, kwamba siku tukipanda kutoka kundi lile mlango utafungwa baada ya muda wa mpito, na siku hiyo atakayekaa mezani kwa niaba yetu awe anajua Mpunguzi kuna nini. Mimi nataka niwe kwenye meza hiyo.

Baba, sasa zamu yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia habari ya Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wetu, na ule uchaguzi wa 1981, mlivyokuwa mmeizunguka redio pale stesheni? Tulisoma juu ya kumpata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwalimu akauliza nani anajua ya 1981. Kimya. Nikasimulia kama ulivyotusimulia: China inamzuia Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo, kwa kura ya turufu, Marekani inamzuia Salim, raundi 16, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na nafasi ikaenda kwa mtu wa Peru. Nikasema na sababu ya Marekani kumnunia, kwamba 1971 China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, Salim alikuwa kati ya walioshangilia waziwazi ukumbini. Mwalimu aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia kwa baba yangu, mstaafu wa reli. Baba, nilisema kwa sauti.

Na siku nyingine nikipita na baiskeli mbele ya lile Kasri la Amani, ambamo majaji 15 wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki wanakaa, huwa nakukumbuka. Lilifunguliwa Agosti 1913. Reli yenu ya Kati wakati huo ilikuwa imeshapita Dodoma, imefika Tabora mwaka mmoja kabla, inakwenda Kigoma. Nikitaja miaka hiyo natamani uwe pembeni yangu unirekebishe.

Mama, jambo lenyewe hasa nimekuwekea wewe na Bibi.

Kulikuwa na semina juu ya dola na maendeleo, na makala tuliyopewa ilikuwa ya Operesheni Dodoma. Ndiyo, ile ya 1971 ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Ukutani wakaonyesha ramani mbili: kwanza nyumba zimetawanyika, halafu zimepangwa mistari kando ya barabara. Mwenzangu mmoja akasema watu wale walikuwa wafugaji wa kuhamahama, hawana makazi, kwa hiyo serikali iliwapa makazi. Damu ilinichemka. Nilinyoosha mkono nikaomba muda.

Nikawaeleza tembe ni nini. Ukuta wa miti na udongo, paa bapa la udongo, zizi katikati, na samadi ya zizi inavyokwenda moja kwa moja kwenye shamba la uwele lililo nyuma ya nyumba. Ng'ombe wakikaa mbali na shamba, shamba linachoka. Kwenye ramani ile hilo halionekani. Kisha nikawaeleza habari ya jiwe. Lori lilipokuja Bibi aliambiwa apakie vyungu na watu, jiwe la kusagia liachwe. Akaliacha. Kesho yake alfajiri akarudi kwa miguu, wewe Mama ukiwa mgongoni bado unanyonya, akalijitwisha kichwani akalileta mpaka kijiji kipya. Nikawaambia jiwe hilo lipo hadi leo, liko nyuma ya jiko letu Ipagala, limebonyea katikati kama kiganja, na mdogo wangu huwa analikalia akiosha vyombo.

Darasa lilinyamaza. Sikuishia hapo, maana Bibi mwenyewe haishii hapo. Nilisema katika kijiji hichohicho Bibi alilia zizi lake na akashukuru bomba la maji. Nilisema mama yangu alijifunza kusoma katika shule ya kijiji hicho, na bila shule ile mimi nisingekuwa nimesimama pale. Mambo yote mawili ni kweli na yalimpata mtu mmoja.

Nikayaandika kama kazi ya muhula, maneno elfu nne. Matokeo yametoka Alhamisi. Nimepata 8.5. Msione ni ndogo: hapa alama zinahesabiwa hadi 10, kufaulu ni 5.5, na 10 yenyewe karibu hawampi mtu. Katika semina yetu hakuna aliyenipita. Mwalimu amesema hiyo iwe mada ya tasnifu yangu. Nilitembea mpaka ufukweni peke yangu nikiwa na furaha isiyo na wa kuishirikisha, upepo unanipiga, nikawa nacheka na kulia. Upepo wa kwetu unakuja na vumbi, wa huku unakuja na mvua ya ubavuni, lakini nikifumba macho mlio ni uleule. Nilitamani mlenda na ugali wa uwele hadi mate yakanijaa.

Kuna mwalimu mwingine ananikera. Likitajwa jambo lolote la Afrika, iwe Mali, iwe Msumbiji, ananigeukia mimi nijibu, kama vile nimezaliwa bara zima. Nimeshamwambia kwa adabu kwamba mimi ni Mgogo wa Dodoma na Mali sijawahi kufika. Aliomba radhi. Wiki iliyofuata akarudia. Hilo nitalimaliza mwenyewe.

Sasa fedha. Sheria ya hapa inamruhusu mwanafunzi aliyetoka nje ya Ulaya kufanya kazi saa 16 tu kwa wiki, na mwajiri lazima awe amemkatia kibali. Nimepata kazi ya usafi wa ofisi jioni, basi. Laki kumi na mbili sina. Nimetuma laki nne kwenye simu ya Mama: laki mbili na nusu ni za pampu, Kaka aanze na fundi wa Majengo kabla ya kuwaza mpya; laki moja dawa za Bibi; elfu hamsini za Neema, ada ndogondogo na viatu. Juni hadi Agosti naruhusiwa kufanya kazi muda wote, hapo nitaongeza.

Na nimesikia, sitasema kwa nani, kwamba Mjomba Mathayo amemleta mtu kuiangalia ekari iliyobaki. Baba, nakuomba kwa magoti, isiuzwe. Kama sababu ni kwamba watoto tuko watano na shamba halitoshi kugawana, mimi nitoeni kwenye hesabu. Andikeni hiyo ekari kwa jina la Kaka Lameck. Ile iliyouzwa ni deni langu kwake, na nitalilipa kwa ekari. Mjomba asome sehemu hii yeye mwenyewe kwa macho yake.

Mjomba huyohuyo anasema shahada ya nje haitambuliki. Inatambuliwa, unaipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanaitathmini. Na anayeuliza kama nitarudi, Wizara ya Mambo ya Nje siku hizi iko Mtumba, mji wa serikali hapohapo Dodoma, mimi natokea Ipagala. Nibaki Ulaya kutafuta nini?

Neema, hii ni kazi yako. Kwa tasnifu nahitaji sauti ya Bibi. Kwanza umuulize kama anakubali maneno yake yaandikwe na yasomwe na watu asiowajua, na jibu lake ulirekodi, maana chuo hakinipokei bila idhini yake. Akikataa, basi, tunaacha. Akikubali, mkae nje jioni, si ndani kwenye televisheni. Muulize nani alikuja kuwaambia wahame, walipewa siku ngapi, ng'ombe walikwenda wapi, na tembe lile lilibaki na nani. Akizungumza Kigogo mwache aendelee, nitatafsiri mwenyewe. Na akifika kwenye jiwe usimkatishe, hata simu ikiwa inakaribia kuzima. Mpe muda. Pale huwa ananyamaza kwanza, halafu ndipo anasema alichokutana nacho njiani, na hicho mimi hajawahi kunimalizia.

Mtoto wenu,
Rehema