YAH: ABIRIA KUACHWA LANGONI KWA HERUFI ZA VITI, SAFARI YA DAR ES SALAAM–MWANZA

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pongezi kwa ndege mpya, ila barua hii si ya pongezi.

Mliuza viti 180 vya ndege ya A320neo, mkaleta ndege ndogo ya Q400 yenye viti 76. Abiria 104 wakakosa pa kukaa. Utaratibu mnaujua: huombwa kwanza wanaojitolea kubaki kwa fidia, wagonjwa na wenye watoto hulindwa, na viti hupangwa upya kwenye mfumo kabla watu hawajafika langoni. Mhudumu wenu alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mwenye pasi ya kupandia ndege ya safu ya 20 hadi 30, au herufi E au F, akae pembeni, kwa kuwa Q400 ina safu 19 za viti vinne vinne, A hadi D. Mama wa 12D akaambiwa apite. Mwanawe wa miaka minane, 12E, akaambiwa abaki.

Chanzo kinafahamika. Mmerudisha ndege za zamani kwa waliowakodisha huku mkifungua njia mpya, na ndege ya akiba hamna. Kasoro ya unga wa metali uliotengenezea vipuri vya injini za PW1100G, zinazofungwa kwenye A320neo kama yenu, ilitangazwa Julai 2023; ndege inayosubiri injini zake zikaguliwe huweza kulala chini miezi mingi. Mwenye kulijua hilo hubakiza walau ndege moja kuukuu nje ya ratiba, au hukodi ndege pamoja na marubani wake. Kwenu, moja ikiharibika alfajiri, safari za siku nzima zinavurugika.

Na haikuwa dharura! Jioni iliyotangulia A320neo ilikwishaondolewa kwenye ratiba, na usiku kucha mliendelea kuuza tiketi zake.

Narudi kwa yule mtoto. Alisimama ng'ambo ya kamba na begi la shule mgongoni, mama yake upande huu, na mhudumu anarudia, "Mfumo hauruhusu." Mfumo unaruhusu, kubadili kiti ni kazi ya dakika mbili. Abiria wawili wa safu ya 3 hawakutokea, viti vyao vikapaa vitupu. Mama akakataa kumwacha mwanawe, na 12D nayo ikapaa tupu. Kisha mkaiandika tiketi yake "hakutokea" na kuifuta, ili asirudishiwe hata shilingi!

Tunaomba alama hiyo ifutwe na mama arudishiwe nauli za wote wawili. Bali hiyo haitoshi: tunadai nauli kamili, malazi na chakula kwa wote 104, pamoja na maelezo ya maandishi ya nani aliamuru abiria wachambuliwe kwa herufi. Mna siku 14. Zikipita, jalada hili pamoja na nakala za pasi litafika Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na kwenye Baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, kisha mahakamani, na dirisha letu halitauza tena tiketi yenu hata moja.

Wakala wa tiketi,
Mwanza