Swali la gazeti dogo la Iowa

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la magazeti ya mikoani kwa mfano wa Iowa, jimbo la wakulima nchini Marekani, ambako nguruwe ni wengi kuliko watu.

Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki kaunti tatu, ikidai kwamba mifereji ya kutoa maji mashambani huingiza naitreti, kemikali itokanayo na mbolea, katika mto Raccoon, ambao wakazi wa jiji hilo hunywa maji yake. Storm Lake Times, gazeti la familia lililoanzishwa mwaka 1990 katika mji wa watu wapatao 11,000, liliuliza swali ambalo wengi hawakulipenda: ni nani anayezilipia kaunti hizo mawakili? Liling'ang'ania hadi ikabainika kwamba fedha zilitoka kwa wenye maslahi katika kilimo, na mwaka 2017 mhariri wake, Art Cullen, akapewa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani, kwa tahariri zake. Kesi yenyewe ilitupwa mwaka huohuo, lakini hilo halilipunguzii swali uzito wake.

Mwandishi wa jiji kubwa, kwa maoni yangu, asingevumilia vikao vya kaunti ambavyo habari hiyo ilihitaji. Hata hivyo sifa hazilipi gharama za uchapaji: mwaka 2022 gazeti hilo liliunganishwa na mshindani wake wa mjini humo, na sasa wakazi wanasoma gazeti moja palipokuwa na mawili.

Msomaji wako,
Dodoma