Maji ya matope: uchukue chambo cha rangi gani?

Mvua za Novemba zikianza, maswali ya hapa dukani hubadilika. Wakati wa ukavu watu huulizia mshipi mwembamba na ndoano ndogo. Sasa papa mmoja, mteja wetu, anaingia na chambo bandia cha rangi ya fedha mkononi, anasema kilimpa samaki vizuri mwezi wa nane kule mto Lufira, lakini juzi amekirusha asubuhi nzima na hakuna aliyekigusa. Chambo hakijaharibika. Maji ndiyo yamebadilika, na tunachouliza kwanza ni yamebadilika namna gani.

Kuna maji ya rangi ya chai, yanayotoka kwenye madambo (mabonde ya nyasi yenye majimaji) na majani yaliyooza. Hayo ni meusi ukiyatazama kutoka ukingoni, lakini ukiyachota kwenye glasi unaona upande wa pili. Halafu kuna maji mekundu, ya udongo wetu huu wa Katanga, ambao mvua huufagia kutoka mashambani na barabarani hadi mtoni. Glasi ya maji hayo haipitishi kitu. (Maji yenye rangi za ajabu karibu na viwanda hatuyahesabu hapa. Huko hakuna chambo cha kukushauri, na samaki wake usimpeleke nyumbani.)

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sababu ya mwanga. Katika maji safi, nyekundu ndiyo hupotea kwanza kadiri unavyoshuka, na bluu hufika mbali. Maji ya chai na ya matope hupindua mpangilio huo: bluu na zambarau humezwa karibu kabisa na uso wa maji, na mwanga kidogo unaobaki ni wa njano, machungwa na nyekundu. Basi kile chambo cha bluu kinachong'aa vizuri kwenye kioo cha kabati letu, ndani ya maji hayo ni kitu cha kijivu tu. Tunakiuza, ndiyo, ila msimu wa mvua tutakuambia ukiache.

Kabla ya kuchagua, pima. Mwaka 1865 padre mmoja Mwitalia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini ili ajue maji yanaonekana hadi kina gani, na wataalamu wanatumia njia hiyo mpaka leo. Wewe huhitaji sahani. Shusha chambo chako kando ya mtumbwi, uone kinapotelea wapi. Kikionekana hadi karibu mita moja, una nafasi ya kucheza na rangi. Kikipotea kabla mkono haujazama hadi kwenye kiwiko, chukua cheusi.

Hapo ndipo wateja hutushangaa. Nyeusi ndiyo rangi inayokaa muda mrefu kuliko zote kwenye rafu yetu, kwa sababu mtu hununua kwa macho yake mwenyewe, na yeye anatazama akiwa juani, nchi kavu. Samaki yuko chini na anatazama juu. Kwake anga ndiyo taa, hata likiwa la mawingu, na kinachopita kati yake na anga ni kivuli. Chambo cheusi hutoa kivuli kikali chenye mipaka wazi. Cha rangi hafifu huyeyuka ndani ya ukungu wa udongo. Jioni na usiku ni vilevile.

Rangi ya pili tunayoipendekeza ni ile ya njano iliyoingia kijani, kama fulana za wafanyakazi wa mgodi. Rangi hiyo hupokea mwanga wa rangi nyingine na kuutoa tena kama njano-kijani, ndiyo maana huonekana kali kuliko rangi ya kawaida. Lakini lazima ipate mwanga wa kupokea, kwa hiyo ipitishe karibu na uso wa maji. Chambo chenye mgongo mweusi na tumbo la njano hukupa yote mawili. Vya kahawia na vyekundu vyote, kwenye maji ya udongo mwekundu, unavificha mwenyewe.

Pia uangalie unamfuata samaki gani. Kambale ana ndevu nane na huwinda kwa kuonja na kunusa. Kwake, weka pesa yako mfukoni, funga utumbo wa kuku. Manda, yule mwenye mistari ubavuni na meno yanayochomoza nje, anategemea macho, kwa hiyo maji yakichafuka sana mtafute pale kijito chenye maji safi zaidi kinapoingia mtoni, kwenye ule mstari wa rangi mbili. Pitisha chambo juu ya mstari huo polepole kuliko ulivyozoea. Chagua kinachotikisika sana au chenye gololi ndani: samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji hata asipoona kitu. Na usisahau kipande cha waya wa chuma mbele ya chambo, la sivyo manda atakata mshipi na kuondoka nacho.

Wanaokwenda Kasenga kuvua mto Luapula wakumbuke kwamba ng'ambo, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ulizia pia utaratibu wa upande wetu kabla hujalipa nauli.

Inabaki shaba, na hapa tunajisifu kidogo, maana vijiko vyetu vya kuzunguka, yaani vyambo vya bamba linalozunguka majini, tunavikata wenyewe. Kwenye maji ya chai, tunapendekeza kijiko cha shaba, kwa kuwa kinarudisha vizuri ule mwanga wa machungwa uliobaki. Kwenye tope zito hakisaidii, kiweke. Kikishakuwa cha kahawia, kisugue kwa ndimu na chumvi, usuuze kwa maji safi, ukaushe kwa kitambaa. Kilichopinda utuletee, kukinyoosha hatutozi.