Hoteli za kando ya barabara kuu: familia zielezwe gharama yote

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu ushauri ambao ukurasa wenu wa safari umekuwa ukiwapa wasomaji wanaokwenda Uingereza na watoto kutembelea ndugu na kuona majumba ya kale. Ushauri wenyewe, wa kulala katika hoteli za bei nafuu zilizo kando ya barabara kuu kama M4 na M40, ni mzuri na ninauunga mkono. Ninacholalamikia ni kwamba huishia kwenye bei ya chumba.

Chukueni suala la maegesho. Baadhi ya hoteli hizo zimo ndani ya vituo vya mapumziko vya barabarani, ambako gari huegeshwa bure kwa saa 2 tu, na kamera husoma namba yake linapoingia na linapotoka. Anayelala hapo hutakiwa kuandikisha namba hiyo mapokezi. Dada yangu, aliyefika usiku akiwa na mtoto amelala begani, hakuambiwa neno na mhudumu aliyempa ufunguo. Barua ya faini ilikwenda kwa kampuni iliyomkodisha gari, nayo ikamtoza ada yake juu ya faini, hata usiku ule ukawa ghali kuliko hoteli ya mjini aliyoikwepa. Mstari mmoja tu gazetini ungemwokoa.

Vitanda navyo vielezwe. Chumba cha familia kwa kawaida ni cha watu wazima wawili na watoto wawili, tena watoto hulala kwenye kochi la kukunjua, kwa hiyo mwenye watoto watatu, nasi tuko wengi, huenda akalazimika kulipia vyumba viwili.

Lakini linalonigusa zaidi ni umbali. Hoteli hutangaza kuwa iko maili chache tu kutoka kwenye ngome fulani, bila kusema kwamba barabara kuu hizo haziruhusu watembea kwa miguu, na kwamba asiye na gari atategemea teksi kwenda na kurudi. Wakati mwingine ufumbuzi upo jirani kabisa: anayelala Slough, kando ya M4, anaweza kuliacha gari hotelini akapanda treni ya dakika kama 6 hadi Windsor, na kushuka ng'ambo tu ya barabara kutoka kwenye kasri la mfalme. Hata hivyo, kasri hilo kwa kawaida hufungwa kwa wageni Jumanne na Jumatano, na sijui faida ya chumba cha bei poa Jumanne usiku kwa familia iliyokuja kwa ajili ya kasri.

Viingilio pia huweza kupita bei ya malazi. Uanachama wa mwaka wa English Heritage, taasisi inayotunza majengo na maeneo ya kale, humruhusu mtu mzima kuingia na watoto wa familia yake hadi 6 katika maeneo kama Stonehenge na Dover Castle. Kasri la Windsor na ngome ya Warwick haziko chini ya taasisi hiyo, na ni vyema msomaji ajue kabla ya kulipa.

Naomba, basi, kila mnapoitaja hoteli ya namna hii mtaje masharti ya maegesho, idadi ya watoto wanaokubaliwa chumbani na njia ya kufika kwenye kivutio bila gari, na mfanye hivyo mapema, kabla ya likizo za Julai na Agosti, wakati bei za vyumba huko hupanda.

Msomaji wenu