Kwa wajukuu zangu wa mchepuo wa historia: msiisingizie baridi

Wajukuu zangu wa kidato cha tano na cha sita,

Marahaba. Nimesikia mkibishana kuhusu majeshi yaliyoivamia Urusi, na karibu wote mmeridhika na jibu moja: baridi ndiyo iliyowamaliza. Msiende nalo kwenye mtihani jibu hilo.

Anzeni na Wamongolia. Batu Khan, mjukuu wa Genghis, aliuteketeza mji wa Ryazan Desemba 1237, akauchukua Vladimir Februari 1238. Majira ya baridi hasa, na hakukosea. Mito ilipoganda, farasi wake waliipata barabara. Kilichomsumbua ni theluji kuyeyuka na nchi kugeuka tope. Kiev nayo ikaanguka Desemba 1240. Enzi zile wakuu wa miji ya Warusi walikuwa ndugu wa ukoo mmoja wasioaminiana, kila mmoja akilinda boma lake, na Batu akawala mmoja mmoja.

Sasa Napoleon, mfalme wa Ufaransa, ambaye ndiye mnayempenda. Alivuka mto Niemen 24 Juni 1812, kiangazi. Farasi wake walianza kufa kwa maelfu wiki za mwanzo tu, kwa mvua, kwa joto, kwa kulishwa nafaka mbichi. Farasi akifa, mkate haufiki. Homa inayoenezwa na chawa ikawaingia askari. Warusi wakawa wanarudi nyuma tu. (Jenerali wao Barclay de Tolly alisemwa vibaya kwa kurudi nyuma, akapokonywa uongozi, Kutuzov aliyepewa nafasi yake akarudi nyuma hadi akaiacha Moscow yenyewe.) Napoleon alipoingia humo 14 Septemba, kikosi chake kikuu kilikuwa kimebaki na watu kama laki moja. Wengine aliwaacha njiani kulinda barabara; wengi mno walikuwa wamekufa, wagonjwa au wametoroka. Theluji ilikuwa bado. Akakaa mwezi mzima katika mji ulioungua akisubiri barua ya amani ambayo Tsar Alexander, mfalme wa Urusi, hakuiandika.

Sisemi baridi haikuua. Iliua sana, 1812 na 1941. Lakini Wajerumani wa Hitler wa 1941, pamoja na vifaru vyao vyote, walikwenda na farasi zaidi ya laki sita, na reli za Urusi zilikuwa pana kuliko zao, hivyo mabehewa yao hayakupita mpaka reli zibadilishwe. Treni chache zilizofika zilibeba risasi na mafuta kwanza. Makoti yakabaki nyuma. Askari aliganda, naam, lakini ulizeni koti lake lilikuwa wapi.

Kisha someni miaka ambayo mnairuka. Nasaba ya wafalme ilikatika 1598, njaa kubwa ikaja 1601 hadi 1603, wadai kiti cha ufalme wakazuka kila upande. Mwaka 1610 jeshi la Poland liliingia Kremlin, ngome ya Moscow, na waliolifungulia ni makabaila wa Moscow wenyewe. Lilikaa hadi 1612. Lilipotoka, lilitolewa na njaa ya kuzingirwa na jeshi la kujitolea ambalo fedha zake zilichangishwa na Kuzma Minin, mfanyabiashara wa nyama wa Nizhny Novgorod. Huyo mwuza nyama mimi namhusudu kuliko majenerali wengi.

Na Februari 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia? Tsar alikwishaondoka, askari walikwishatupa bunduki na kurudi makwao kutafuta ardhi. Wajerumani walisonga mbele katika theluji ileile, wengine wakiwa wamepanda treni, wakikutana na upinzani haba. Tarehe 3 Machi katika mji wa Brest-Litovsk Urusi ikatia saini kuachia Ukraine, Poland na nchi za Baltiki.

Mkikutana tena, mmoja wenu asimamie Februari hiyo. Anayetetea baridi amjibu huyo kwanza, ndipo aje kwa Napoleon.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu